Tom Mboya na Deni la Elimu: Maisha ya Mwana wa Mnyapara Aliyekosa Karo

Utangulizi

Mkono mtupu haulambwi, na mlango wa chuo haufunguki kwa akili pekee. Katika soko la Kiritiri, Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, ukweli huu hauhitaji mhadhiri wa kuufafanua. Mzazi wa huko anayetaka kumpeleka mwanawe chuo kikuu huanza kwa kuhesabu mbuzi, magunia ya ndengu na mauzo ya muguka. Mvua ikikosa, hesabu hiyo huvurugika hata kabla ya muhula kuanza. Aghalabu mwanafunzi huondoka nyumbani akiwa na barua ya kuitwa chuoni, matumaini ya kupata mkopo wa serikali, na pengo ambalo hakuna ajuaye litazibwa na nani. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa waliotoka hivyo. Karo ya shahada ya uzamili anajilipia mwenyewe, na mkopo wa shahada ya kwanza bado anaulipa.

Ni kutokana na hali hiyo ndipo nilipovutiwa kuyachunguza upya maisha ya Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Wengi wetu tunamjua kama jina la barabara jijini Nairobi, au kama kiongozi aliyeuawa kijana. Tulilofundishwa kwa uchache ni kwamba mtu huyu, ambaye jina lake limefungamana na safari za mamia ya wanafunzi kwenda Marekani, hakuimaliza shule ya sekondari mwenyewe, na kilichomkatizia masomo ni karo. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa kuuliza swali moja: je, mtu anayejisomesha peke yake hujisomesha peke yake kweli?

Kuzaliwa na Masomo ya Awali

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 karibu na Kilima Mbogo, mashariki ya mji wa Thika, katika shamba la mkonge lililokuwa limemilikiwa awali na mlowezi Sir William Northrup McMillan. Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Onyango, asili yao ilikuwa Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Baba alikuwa mnyapara wa vibarua shambani humo. Cheo hicho kiliwapita vibarua wa kawaida, lakini mshahara wake haukuwa wa kusomesha watoto wengi kwa pamoja.

Maisha ya kambi ya mkonge yalimpa mtoto huyo faida moja ambayo haikununuliwa kwa fedha. Vibarua walitoka makabila mbalimbali, naye akakua akizungumza Kiswahili, Kikamba na Kikuyu pamoja na Kijaluo cha nyumbani. Miaka mingi baadaye, alipokuwa akiwahutubia wafanyakazi wa Nairobi na Mombasa, umilisi huo wa lugha ulikuwa mtaji wake mkubwa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulitia hilo maanani.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Kikatoliki huko Kabaa, Machakos, ambako vifaa vilikuwa haba kiasi cha watoto kujifunza kuandika mchangani. Mwaka 1942 alihamia shule ya Mtakatifu Maria huko Yala, na mwaka 1946 akajiunga na Holy Ghost College, Mang'u, ambayo ilikuwa miongoni mwa shule chache za sekondari zilizowapokea Waafrika nchini. Kila hatua ilikuwa na gharama yake, na kila gharama ilitoka katika mshahara ule ule wa mnyapara.

Karo Inapokatiza Njia

Mwishoni mwa mwaka 1947 mambo yalifika ukingoni. Mboya alikuwa na uwezo wa kuendelea hadi mtihani wa mwisho wa sekondari, lakini wadogo zake nao walikuwa wamefikia umri wa kusoma. Baba hakuweza kumlipia kifungua mimba huyu na wakati huo huo kuwalipia waliomfuata. Ikabidi mkubwa awapishe wadogo. Mtu aliyelelewa katika familia ya kadiri ataitambua hali hii bila kuelezwa zaidi. Kwa desturi zetu mtoto wa kwanza ni mzazi wa pili, naye hujiondoa mezani ili chakula kiwatoshe wengine.

Hata hivyo, Mboya hakuichukulia shule kuwa njia pekee ya elimu. Mwaka 1948 alijiunga na Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya, kwa sababu mafunzo hayo hayakumtaka baba yake alipe karo. Huko alichaguliwa kuwa kiongozi wa wanafunzi. Alihitimu mwaka 1950, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kama mkaguzi wa afya. Usiku, baada ya kazi, aliendelea na masomo kwa njia ya posta, akiyagharimia kwa mshahara wake mwenyewe. Hapa tunamwona kijana wa miaka ishirini na ushei akifanya kile ambacho wengi wetu tunakifanya leo, yaani kazi mchana, vitabu usiku, na mshahara mmoja kugawanywa mara tatu: chumba cha mjini, masomo yake, na jamaa walio nyumbani.

Mshahara wenyewe ulikuwa na kasoro. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya alicholipwa Mzungu kwa kazi ile ile. Katika kumbukumbu zake, Mboya alisimulia jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia katika maabara alimokuwa akipima maziwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hamkuwa na mtu mle ndani. Kwa macho ya mama huyo, mkaguzi aliyekuwa mbele yake hakuwa mtu wa kuhesabiwa.

Kutoka Chama cha Wafanyakazi hadi Oxford

Dhuluma hiyo ya mishahara ndiyo iliyomsukuma katika harakati za wafanyakazi. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa Baraza la Jiji, kisha akaliacha Baraza. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Viongozi wengi wa kisiasa walikuwa kizuizini, na vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, kwa hiyo shirikisho hilo likawa mojawapo ya sauti chache za Mwafrika zilizobaki. Mwaka 1955 alisaidia kuusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, nao wakapata nyongeza kubwa ya mshahara. Jina lake likavuma pwani na bara.

Ni kazi hiyo ya vyama iliyomfungulia mlango ambao karo ilikuwa imeufunga. Mwishoni mwa mwaka 1955 alikwenda Uingereza kwa ufadhili, akasoma kwa mwaka mmoja katika Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wazima wa tabaka la wafanyakazi ambao hawakubahatika kupitia njia ya kawaida ya shule. Alipotoka huko mwaka 1956 alizuru Marekani, akajuana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa harakati za Wamarekani weusi. Mwaka 1957, akiwa na miaka 26, alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kuwakilisha Nairobi. Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Watu wa Afrika Yote jijini Accra.

Tukirudi kwenye swali letu, tunaona kuwa Mboya alijilipia masomo ya posta peke yake, lakini Oxford hakujilipia. Alilipiwa kwa michango ya watu ambao wengi wao hakuwahi kuonana nao. Kwa maoni yangu, mengi aliyoyafanya baadaye kuhusu elimu yanaeleweka vizuri zaidi tukiyatazama kama malipo ya deni hilo.

Safari za Ndege, 1959 hadi 1963

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa dhahiri kwamba uhuru u karibu, na kwamba wasomi wa kuiendesha nchi walikuwa wachache mno. Nafasi za Makerere hazikutosheleza Afrika Mashariki nzima, na ufadhili wa kwenda Uingereza ulikuwa finyu. Wakati huo huo, vijana kadhaa wa Kenya walikuwa wameandikia vyuo vya Marekani kwa juhudi zao wenyewe, na baadhi walikuwa wamekubaliwa, hata kusamehewa karo. Lakini walibaki nyumbani na barua zao, kwa kuwa nauli ya ndege hadi Marekani ilikuwa fedha ambazo wazazi wengi hawakuwahi kuziona pamoja.

Mboya, akishirikiana na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, alilitambua pengo hilo kwa usahihi. Hakuanza kwa kutafuta fedha za kulipia kila kitu. Gharama zilitenganishwa. Karo iliombwa kwa vyuo vyenyewe. Nauli ilitafutwa kwa wahisani wa Marekani. Fedha za matumizi zilibaki kuwa jukumu la mwanafunzi, wazazi na majirani zake. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani kwa majuma kadhaa, akihutubia vyuo na mikutano na kuomba nafasi za masomo. Pamoja na rafiki yake mfanyabiashara William Scheinman, waliunda wakfu wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuwaomba umma michango. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata wanafunzi waliokuwa tayari kusafiri walizidi, na hawakuwa wa Kenya pekee. Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kutoa nauli. Julai 1960 Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, nyumbani kwake Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Serikali iliyokuwa imekataa nayo ikajitokeza na ahadi yake, na suala la nauli ya wanafunzi wa Afrika likageuka kuwa mada ya kampeni za urais wa Marekani. Kati ya mwaka 1959 na 1963 karibu wanafunzi 800 walisafiri kupitia mpango huo. Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960, akaenda kusoma Kansas. Barack Obama mkubwa, babake rais wa 44 wa Marekani, hakupanda ndege hiyo ya kwanza, bali alijiendea Hawaii mwaka 1959 kwa njia nyingine. Hata hivyo, naye alisaidiwa na wakfu huo baadaye.

Aghalabu simulizi za safari hizi huishia uwanja wa ndege. Hali halisi ilikuwa kwamba tiketi haikuwa mwisho wa gharama. Kabla ya kuondoka, ng'ombe na mbuzi waliuzwa, na vijijini ziliandaliwa karamu za chai na dansi za kuchangisha fedha. Baada ya kufika, wengi waliosha vyombo, walifagia mabweni na kufanya kazi za vibarua wakati wa likizo ili wapate fedha za chakula, vitabu na mavazi ya kipindi cha baridi. Wapo waliosoma kwa wasiwasi kila muhula, wakijua kwamba ufadhili wa mwaka mmoja haukuwa ahadi ya mwaka wa pili. Waliovumilia walirudi kuwa walimu, wahadhiri, madaktari na watumishi wa umma katika taifa changa.

Waziri wa Mipango na Nchi Kame

Mboya alikuwa Waziri wa Leba mwaka 1962, Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba baada ya kujipatia madaraka ya ndani mwaka 1963, na kuanzia Desemba 1964 akashika wizara ya mipango ya uchumi. Januari 1962 alikuwa amemwoa Pamela Odede, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Ohio katika kipindi hicho cha safari za Marekani.

Ni katika wizara ya mipango ndipo makala haya yanalazimika kuacha sifa kwa muda. Mwaka 1965 serikali ilichapisha Waraka wa Kikao Namba 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, na Mboya ndiye aliyekuwa mtetezi wake mkuu. Waraka huo ulishauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza mahali ambapo zingeongeza mazao kwa haraka, yaani sehemu zenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na njia za uchukuzi. Faida ingepatikana huko kisha isambazwe kwingine. Katika hesabu za uchumi hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Katika nchi kame ilikuwa na maana ya kungoja.

Mbeere ni sehemu mojawapo iliyongoja. Miteremko ya juu ya Embu, karibu na Mlima Kenya, ina chai na kahawa, na zao la biashara likimfikisha mzazi kwenye chama cha ushirika huwa linamfikisha pia kwenye mkopo wa karo. Kushuka kuelekea Kiritiri udongo hubadilika, mvua hupungua, na mkulima hutegemea mtama, mawele, kunde, ndengu na mifugo. Mabwawa ya Mto Tana yaliyojengwa kusini ya huko, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 na kufuatiwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yameipa nchi nzima umeme kwa miaka mingi, huku kaya nyingi jirani zikisomea kwa taa ya mafuta. Si haki kumtwika Mboya lawama zote za hali hiyo, kwani aliuawa miaka minne tu baada ya waraka kutoka, na serikali zilizofuata zilikuwa na muda wa kurekebisha. Hata hivyo, ni lazima isemwe kwamba yule mwanafunzi aliyekatizwa na karo alijua jambo ambalo yule waziri wa mipango hakulipa uzito. Anayeambiwa asubiri zamu yake katika elimu huenda zamu hiyo isifike akiwa bado kijana.

Kifo Chake

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, barabara ambayo leo ni Moi Avenue, jijini Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia ya mauaji hayo, akanyongwa mwaka huo huo. Swali la nani aliyekuwa nyuma yake limebaki kinywani mwa Wakenya hadi leo. Mboya alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazazi wake.

Deni Baada ya Mboya

Katika miaka ya kwanza ya uhuru, chuo kikuu kiligharimiwa na serikali, na mhitimu alitarajiwa kulitumikia taifa kwa muda usiopungua miaka mitatu. Deni lilikuwapo, ila lililipwa kwa kazi. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa mikopo, kwa sababu idadi ya wanafunzi ilikuwa imeongezeka kuliko uwezo wa hazina. Wengi wa waliokopa waliuona mkopo huo kama zawadi, na sheria ya kuwadai ilikuwa dhaifu, kwa hiyo fedha nyingi hazikurudi. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Tangu hapo mkopo wa shahada ya kwanza umekuwa ukitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mhitimu hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Mwaka 2023 ulianzishwa mfumo mpya uliogawa gharama katika sehemu tatu, yaani ufadhili, mkopo na mchango wa familia. Mfumo huo ulizua malalamiko na kufikishwa mahakamani.

Ukiutazama mgawo huo wa sehemu tatu, utaona kwamba haukutofautiana sana na ule wa mwaka 1959 wa karo, nauli na matumizi. Tofauti ni kwamba mwaka 1959 kulikuwa na watu waliojitwika kazi ya kutafuta kipande kilichokosekana, ilhali leo kazi hiyo ameachiwa mwanafunzi.

Hitimisho

Maisha ya Mboya yanatupa mafunzo matatu sisi tunaojilipia masomo. Kwanza, gharama zitenganishwe kabla ya safari kuanza. Anayesema tu kwamba hana karo hajui anachokitafuta, bali anayejua kuwa karo ya muhula imelipwa na kilichokosekana ni kodi ya chumba anaweza kumwendea mtu kwa ombi linalojibika. Pili, kukatizwa si kukoma. Mboya alipita Kabete, akapita masomo ya posta, hadi akafika Oxford kwa mlango wa nyuma. Tatu, mkopo ulipwe, hata kwa kiasi kidogo na kwa uchungu, kwa sababu fedha ya anayerudisha leo ndiyo atakayopewa mtoto wa Kiritiri atakayeitwa chuoni mwaka ujao. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la elimu hulipwa kwa wale wanaotufuata zaidi kuliko kwa wale waliotutangulia.

Je, anayejisomesha peke yake hujisomesha peke yake kweli? Mwandishi alipofungua daftari lake la matumizi ili aandike aya hii, alikuta humo jina la shangazi aliyeuza mbuzi wawili, la mwenye nyumba aliyekubali kungoja miezi miwili, na la mwanafunzi mwenzake aliyemwazima nakala za vitabu muhula mzima. Wote hao hawamo katika taarifa ya mkopo wake. Nao wanadai.